Dawa mbili zimeshindwa, sasa ni lithiamu au homoni ya thairoidi?

Mgonjwa wa sonona aliyekwisha kunywa dawa mbili tofauti, kila moja kwa kipimo cha kutosha na kwa majuma ya kutosha, na bado asubuhi zake hazijabadilika, yuko mahali pagumu kuliko pale alipoanzia. Dawa ya kwanza aliimeza kwa matumaini. Ya pili aliimeza kwa sababu daktari na ndugu zake walimsihi. Akiletewa habari ya dawa ya tatu huwa na hoja nzito, isiyojibika kwa maneno ya kumtuliza: kwa nini hii ifanye kazi ilhali zile hazikufanya?

Kisa ninachokichambua hapa ni cha watu 142 waliofika hapo, nchini Marekani, katika miaka ya mwanzo ya karne hii. Wote waliendelea na dawa ya sonona waliyokuwa nayo. Juu yake, baadhi waliongezewa lithiamu, aina ya chumvi inayotumika kama dawa ya kutuliza hisia, na wengine wakaongezewa T3, homoni ya tezi ya thairoidi. Nimekichagua kwa sababu ndicho kinachotajwa kila mara mtu anapodai kwamba homoni ya thairoidi inatibu sonona, na anayekitaja mara nyingi hukitaja nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu mgonjwa zaidi.

Watu hao walitoka katika utafiti mkubwa uitwao STAR*D, uliogharamiwa na Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani na kuongozwa na daktari John Rush wa Dallas, Texas. Ulisajili wagonjwa 4,041 kati ya 2001 na 2004, katika kliniki 41, nyingine za wataalamu wa magonjwa ya akili na nyingine za madaktari wa kawaida wanaoona kila aina ya mgonjwa. Hawakuitwa kwa matangazo. Walikuwa watu waliokuja kutibiwa wenyewe, wengi wakiwa na maradhi mengine pia, na hawakuchujwa kwa ukali kama ilivyo desturi ya majaribio ya kampuni za dawa. Kwangu mimi huo ndio uzito wa utafiti huu: wanafanana na watu wanaokaa kwenye benchi la kliniki yoyote.

Hatua ya kwanza wote walipewa sitalopramu, dawa ya sonona. Waliopata nafuu kamili walikuwa kati ya robo na theluthi, kutegemea kipimo cha sonona kilichotumika. Ambao hawakupona, au walioshindwa kuivumilia dawa, waliendelea hadi hatua ya pili: kubadilishiwa dawa, au kuongezewa nyingine juu ya ile ya mwanzo. Nao walioshindwa hapo wakaingia hatua ya tatu. Mgonjwa aliruhusiwa kusema kama yuko tayari kuacha dawa yake na kuanza nyingine, au kama angependa aibakize na kuongezewa. Kisha kura ya bahati nasibu ya kumpangia dawa ilipigwa ndani ya kile alichokubali. Waliokubali nyongeza ndio hawa 142: kura iliwapa lithiamu watu 69 na T3 watu 73.

Dozi ya T3 ilikuwa mikrogramu 25 kwa siku katika juma la kwanza, kisha 50. Lithiamu ilianzia miligramu 450 na kupandishwa hadi 900. Matibabu yaliweza kufika majuma 14, ingawa kwa wastani watu walikaa na dawa chini ya majuma 10.

Wazo lilikotoka

Wengi wetu tunaijua tezi ya thairoidi kwa uvimbe wake tu, lile rovu linalotokeza shingoni mtu akikosa madini joto. Kazi yake hasa ni kutengeneza homoni mbili, T4 na T3, na tarakimu hizo ni hesabu ya atomi za madini joto zilizomo. Tezi hutoa T4 kwa wingi na T3 kidogo. Kisha mwili wenyewe, ubongo ukiwamo, huing'oa atomi moja kutoka kwenye T4 na kuigeuza T3, ambayo ndiyo yenye nguvu ya kazi ndani ya seli. T4 hukaa damuni kwa siku nyingi. T3 huisha upesi. Ilitambuliwa mwaka 1952 na Jack Gross na Rosalind Pitt-Rivers huko London, miaka mingi baada ya T4.

Sasa, nani aliyefikiria kumpa homoni hiyo mtu ambaye tezi yake haina kasoro? Jina linaloongoza hapa ni la Arthur Prange, mtaalamu wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill. Mwanzo wake ulikuwa wa hatari. Mwaka 1962 yeye na Morris Lipton walionyesha kwamba panya waliojazwa homoni ya thairoidi, wakipewa imipramini, dawa kuu ya sonona wakati huo, hufa zaidi kuliko panya wengine. Mwaka uliofuata Prange akaandika habari za mgonjwa ambaye moyo wake ulianza kwenda mbio ghafla, na sababu ilielekea kuwa ni imipramini kukutana na dawa ya thairoidi mwilini mwake. Mtu mwingine angeandika onyo kisha akaendelea na mambo mengine. Prange aliona kwamba kama homoni inaizidishia imipramini sumu, basi huenda inaizidishia na nguvu ya kutibu, na kwamba kazi ni kutafuta dozi ndogo inayoleta faida bila kuleta madhara.

Mwaka 1969 yeye na wenzake wakatoa matokeo ya wagonjwa 20 wa sonona, wote tezi zao zikifanya kazi sawasawa. Wote walipewa imipramini miligramu 150 kwa siku. Nusu yao waliongezewa T3 mikrogramu 25 baada ya siku chache, nusu wakapewa plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Waliopewa T3 walipata nafuu mapema zaidi. Angalia neno hilo, mapema. Madai ya kwanza ya T3 yalikuwa kwamba inaharakisha dawa ambayo huchukua majuma kuonyesha kazi yake, na tangu mwanzo ilielekea kuwafaa wanawake kuliko wanaume. Madai kwamba inamwokoa mtu ambaye dawa zimemshinda kabisa yalikuja baadaye, nayo ni mazito zaidi.

Hilo la pili lilipimwa vizuri huko Toronto. Russell Joffe na wenzake walichukua watu 50 ambao dawa za kundi la imipramini hazikuwasaidia, wakawagawa kwa kura mafungu matatu, na kuwafuatilia kwa majuma mawili. Matokeo yalitoka mwaka 1993: nafuu ya kuonekana ilipatikana kwa watu 10 kati ya 17 waliopewa T3, 9 kati ya 17 waliopewa lithiamu, na 3 kati ya 16 waliopewa plasebo. Hapo ndipo lithiamu na T3 zilipoanza kutajwa kwa pumzi moja. Joffe huyo huyo alikuwa ameonyesha mwaka 1990 kwamba T4 haichukui nafasi ya T3 kirahisi: kati ya watu 17 waliopewa T3, 9 walipata nafuu, na kati ya 21 waliopewa T4, ni 4 tu.

Kwa hiyo wasimamizi wa STAR*D walipohitaji nyongeza mbili kwa ajili ya hatua ya tatu, hawakubahatisha. Walichukua zile mbili zilizokuwa na historia ndefu zaidi.

Matokeo, na namna ya kuyasoma

Nafuu kamili ilipimwa kwa kipimo cha Hamilton, maswali 17 kuhusu huzuni, usingizi, hamu ya chakula, hatia, mawazo ya kujiua na mengineyo. Ukomo wake ni alama 52. Aliyeshuka hadi 7 au chini ya hapo alihesabiwa kuwa amepata nafuu kamili. Waliouliza maswali hayo walipiga simu, na hawakujua mgonjwa yuko kwenye dawa ipi.

Katika kundi la T3, watu 18 kati ya 73 walifika hapo, sawa na asilimia 24.7. Katika kundi la lithiamu, watu 11 kati ya 69, sawa na asilimia 15.9. Andrew Nierenberg wa Boston na wenzake waliyachapisha haya mwaka 2006.

Anayekisoma kisa hiki harakaharaka huishia hapo na kutangaza kwamba T3 imeishinda lithiamu. Haikuishinda. Tofauti ya alama tisa hivi katika kila mia, kwenye makundi madogo kama haya, inaweza kabisa kuletwa na kura yenyewe, na hesabu za takwimu hazikuweza kuiondoa bahati. Laiti watu wanne tu wa upande wa T3 wangekosa kushuka hadi 7, kundi lao lingekuwa na asilimia 19 na hakuna ambaye angezungumzia ushindi.

Lakini kuna tofauti moja ambayo bahati haiielezi kirahisi. Walioacha matibabu kwa sababu ya maudhi ya dawa walikuwa 16 kati ya 69 kwenye lithiamu, na 7 kati ya 73 kwenye T3. Asilimia 23.2 dhidi ya 9.6. Lithiamu iliwasumbua watu zaidi, na waliipa mgongo zaidi. Yeyote aliyewahi kukaa na mtu anayekunywa lithiamu anajua sababu: mikono inayotetemeka, kiu isiyoisha, kwenda haja ndogo kila mara, tumbo kuchafuka. Juu ya hapo kuna kutoa damu mara kwa mara ili kiwango kisivuke mpaka, maana lithiamu inayotibu na lithiamu inayodhuru hazipishani sana.

Ninaiona tofauti hii kuwa ndiyo matunda halisi ya utafiti. Mtu aliyefika hatua ya tatu amechoka. Dawa atakayoiacha juma la tatu haitamtibu hata iwe na nguvu namna gani kwenye karatasi. Waandishi wenyewe waliishia pale pale: nafuu ilikuwa haba kwa pande zote mbili, na T3 ina faida kidogo kwa kuwa inavumilika na ni rahisi kuitumia.

Sasa nakuomba uhesabu kinyume. Kumi na wanane na kumi na mmoja ni ishirini na tisa. Watu 113 kati ya 142 hawakupata nafuu kamili. Hao hawatajwi sana. Baadhi yao walipata unafuu wa kiasi, usingizi ukarejea, wakaweza kwenda kazini, na hilo si jambo dogo. Wengine hawakupata chochote ila kidonge kingine cha kukumbuka kila asubuhi. Na katika ufuatiliaji wa mwaka mmoja uliofuata, ukijumlisha matibabu yote ya hatua ya tatu, asilimia 64.6 ya walioingia kwenye ufuatiliaji huo walirudi kuugua. Daktari anayemwandikia mgonjwa T3 akimwambia tu kwamba "imeonekana kusaidia" amesema kweli, lakini amemwacha bila picha ambayo mgonjwa ana haki ya kuiona.

Kilichokosekana

Hapakuwa na kundi la plasebo. Hili ndilo pengo kubwa la kisa chote. Wagonjwa walijua wanachokunywa, madaktari wao walijua, na hakuna aliyebaki na dawa yake ya zamani pamoja na kidonge kitupu ili tuone muda peke yake ungefanya nini. Sonona hupanda na kushuka. Mtu anayefuatiliwa kwa karibu, anayepigiwa simu na kuulizwa hali yake, anaweza kupata nafuu hata bila dawa mpya. Kule Toronto, watatu kati ya 16 waliokunywa plasebo walipata nafuu ya kuonekana ndani ya majuma mawili. Huwezi kuziweka namba hizo kando ya zile za STAR*D na kuzilinganisha moja kwa moja, maana Joffe alihesabu nafuu ya kuonekana na hawa walihesabu nafuu kamili. Zinatosha, hata hivyo, kukukumbusha kwamba si kila aliyepona akiwa na T3 ameponywa na T3.

Pengo la pili ni la lithiamu. Kipimo kiliishia miligramu 900, na si wote waliopimwa kiwango cha dawa damuni. Mtu anayeitetea lithiamu anaweza kusema kwa haki kwamba haikupewa nafasi yake kamili.

Pengo la tatu linahusu dawa zilizobebeshwa nyongeza. Ushahidi wa zamani wa T3 ulijengwa karibu wote juu ya kundi la imipramini. Mwaka 1996 Aronson na wenzake walikusanya tafiti nane zenye wagonjwa 292 wa dawa hizo na kukuta waliopewa T3 walikuwa na uwezekano kama maradufu wa kupata nafuu. Lakini walipobakiza tafiti nne tu zilizotumia kura na ambamo mgonjwa na daktari wote hawakujua nani anapewa nini, faida haikuthibitika tena. Wagonjwa wa STAR*D walikuwa kwenye sitalopramu, setralini, venlafaksini na bupropioni. Kwa dawa za kizazi hiki, majaribio ya kuanza T3 pamoja na dawa ya sonona siku moja yamegongana. Huko Jerusalem T3 iliongeza nguvu ya setralini, matokeo yakatoka 2007. Huko Atlanta, kwa wagonjwa 153, haikuongeza kitu. Huko Amsterdam, kwa watu 113 waliokunywa paroksetini, haikuongeza kitu na ikaongeza maudhi. Tafiti hizo zinajibu swali jirani, si lile la watu wetu 142, kwa sababu hapo T3 ilianza mwanzoni badala ya kuja baada ya dawa mbili kushindwa. Ila mtu anayetangaza T3 bila kuzitaja anachagua ushahidi.

Mwaka 2023 STAR*D nzima iliingia kwenye mzozo mpya. Ed Pigott na wenzake waliirejelea data ya asili na kuchapisha katika jarida la BMJ Open kwamba nafuu ya jumla baada ya hatua zote nne ni asilimia 35, wala si ile 67 iliyotajwa kwa miaka mingi. Watafiti wa awali walipinga. Mimi nauona ukosoaji huo kuwa wa maana, hasa kwa kuwa ile 67 ilidhani hakuna mgonjwa ambaye angejiondoa katikati ya safari, na wengi walijiondoa. Haubadilishi sana hesabu ya watu wetu 142, kwa kuwa namba zao zilikuwa za unyenyekevu tangu mwanzo, lakini unamfanya mtu apunguze sauti anapolitaja jina STAR*D kama neno la mwisho.

Tezi mbovu na tezi nzima

Hapa ndipo maelezo ya mitaani yanapochanganyika zaidi, na ningependa msomaji asitoke bila kulitenganisha jambo hili.

Kuna mtu ambaye tezi yake imezembea. Homoni imepungua, na pamoja na ngozi kukauka, baridi kumwingia, sauti kukwaruza, choo kuwa kigumu na uzito kuongezeka, akili nayo huzama: huzuni, uzito wa kufikiri, usahaulifu. Hali ikiachwa sana anaweza hata kuona na kusikia yasiyokuwapo. Mwaka 1949 Richard Asher, daktari wa London, aliandika kuhusu wagonjwa 14 wa namna hiyo. Walionekana kuwa wamerukwa na akili, kumbe ni tezi, na wengi wao walirudi katika hali yao walipopewa homoni. Mtu wa namna hii hahitaji T3 ya kuongezea nguvu dawa ya sonona. Anahitaji T4 kwa ajili ya tezi yake, na dawa ya sonona pekee haitamfikisha mbali.

Na kuna mtu wa pili, ambaye tezi yake ni nzima, vipimo vyake viko sawa, na sonona yake imekataa dawa. Huyu ndiye Prange alimwandikia, na kwa ajili yake wazo la kuongezewa T3 lina maana.

Kipimo cha damu kiitwacho TSH ndicho kinachowatenganisha kwa kiasi kikubwa. TSH ni homoni ya kutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, inayoiamuru thairoidi ifanye kazi: thairoidi ikizembea, amri hupanda. Mgonjwa aliyeshindwa na dawa mbili bila kupimwa TSH hata mara moja amekosewa, na kipimo hicho kinapaswa kutangulia mazungumzo yoyote ya dawa ya tatu. Kipimwe mapema zaidi kwa mwanamke aliyejifungua miezi ya karibuni, kwa mwenye uvimbe shingoni, na kwa yeyote aliyekunywa lithiamu, kwa kuwa lithiamu yenyewe huizuia tezi kutoa homoni na inaweza kumletea mtu upungufu ambao hakuwa nao.

Katikati ya hao wawili yupo mwenye TSH iliyopanda kidogo tu huku T4 yake ikiwa sawa. Wengi huambiwa hapo ndipo uchovu na huzuni yao vilipotoka. Ushahidi hauungi mkono haraka hiyo: jaribio lililochapishwa 2017, la watu 737 wenye miaka 65 na zaidi wenye hali hiyo, halikukuta kwamba T4 iliwapunguzia uchovu kuliko plasebo.

Gharama mwilini

T3 kuvumilika kuliko lithiamu hakuifanyi kuwa maji ya kunywa. Inapoingizwa kwa mtu mwenye tezi nzima, ubongo huona homoni imetosha, TSH hushuka, na tezi yenyewe hupumzika. Moyo ndio wa kwanza kulalamika: mapigo ya mbio, kuruka mapigo, na kwa mtu mzima au mwenye ugonjwa wa moyo kuna hatari ya mapigo kuvurugika kabisa, jambo linaloweza kuzaa kiharusi. Maumivu ya kifua kwa mwenye mishipa iliyoziba yanaweza kuamka. Kutetemeka, jasho, kukosa usingizi na wasiwasi vinaweza kuonekana kama sonona imezidi, mgonjwa akaongezewa dozi badala ya kupunguziwa. Ikiendelea kwa miaka, mifupa hupungua uimara, na anayeumia zaidi ni mwanamke aliyekoma hedhi. Kumbuka kwamba wanawake ndio walioonekana kunufaika zaidi tangu enzi za Prange, kwa hiyo kwa mama wa miaka 60 faida na hatari zinakaa mahali pamoja na zinahitaji kupimwa kwa makini.

STAR*D ilidumu majuma machache mno kuweza kuona mifupa. Aliyepona kwa T3 aikatize lini? Majuma 14 hayawezi kujibu.

Dawa yenyewe, na sisi

Huko Marekani T3 haikuidhinishwa kwa ajili ya sonona. Madaktari huiandika kwa uamuzi wao wa kitaalamu. Mwongozo wa Kanada wa 2016 uliiweka kwenye safu ya pili ya nyongeza, pamoja na lithiamu, nyuma ya dawa kama aripiprazoli na kwetiapini. Nadhani ni nafasi ya haki.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura picha ni nyingine. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ina fluoksetini na amitriptilini kwa sonona, ina lithiamu, na ina T4. T3 haimo. Orodha hiyo ndiyo inayoelekeza serikali nyingi zinunue nini, kwa hiyo dawa iliyoshinda kwa urahisi wa kutumia huko Boston inaweza kuwa ngumu kupatikana kwetu. Hata penye uwezo urahisi huo haudumu peke yake: huko Uingereza pakiti moja ya T3 ilipanda kutoka pauni 20 mwaka 2009 hadi 248 mwaka 2017, mpaka mamlaka ya ushindani wa biashara ikatoza kampuni zilizohusika faini ya zaidi ya pauni milioni 100 mwaka 2021.

Jambo linalonitia hofu ni mtu kusoma nusu ya kisa hiki, akakosa T3, akanunua T4 dukani kwa sababu ndiyo iliyopo na jina linafanana. Matokeo ya Toronto ya 1990 yanaonyesha kwa nini hiyo si njia ya mkato. Zipo tafiti za Michael Bauer na wenzake, kati ya Berlin na Los Angeles, zilizotumia T4 kwa dozi kubwa kupita kawaida, hasa kwa watu wenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, yaani bipolar. Hizo zilifanywa chini ya uangalizi mkali wa wataalamu. Hazimhusu mtu aliye peke yake na pakiti ya vidonge.

Ndugu yangu akiniuliza leo, ameshindwa na dawa mbili na tezi yake ni nzima, sitamwambia T3 ni upuuzi. Nitamwambia kwanza ahakikishe zile dawa mbili zilipewa dozi kamili na muda kamili, maana kwetu amitriptilini mara nyingi huishia kwenye dozi ya usingizi tu. Nitamuuliza kama kuna mtu wa kuzungumza naye kila juma, mtaalamu wa ushauri aliyefunzwa. Nitamuuliza kama amewahi kuwa na siku za furaha iliyopitiliza bila usingizi, kwa sababu jibu la ndiyo hubadilisha ugonjwa unaotibiwa. Mawazo ya kujiua yakiwa yameanza, sitamwacha asubiri tarehe ya kliniki. Tutakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Na hata akichoka na dawa aliyonayo, asiikate ghafla.

Kisha, kama daktari wake anaijua T3 na inapatikana, ni jaribio lenye maana: mikrogramu 25, kisha 50 ikivumilika, na majuma machache ya kuangalia. Kabla ya kidonge cha kwanza faili linahitaji kuwa na TSH yake, mapigo ya moyo, na kipimo cha umeme wa moyo kama umri au historia yake vinadai. Linahitaji pia alama zake za sonona za siku hiyo, na tarehe, iliyokubaliwa na wote wawili, ya kuamua kama T3 inaendelea au inakomeshwa.